Salem 1692: Hakukuwa na Mchawi, Lakini Watu 20 Walikufa

Wasee, kwanza tutoe uongo mmoja njiani. Salem hakuna mtu alichomwa moto. Najua umeona kwa filamu mama amefungwa kwa mti na kuni zinawaka chini. Hayo yalifanyika Ulaya. Salem walinyonga. Kati ya Juni na Septemba 1692 walinyonga watu 19, wanawake 14 na wanaume 5. Wa 20 ni mzee Giles Corey, aliyewekewa mawe mazito kifuani hadi akakata roho kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Na wengine wasiopungua watano walifia jela.

Kila nikiongea hii stori, jibu ni lile lile: "Watu wa zamani walikuwa wajinga." Mimi sikubali. Majaji wengine wa Salem walikuwa wamesoma Harvard, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili siwezi waita wajinga hivi hivi. Alafu niko na sababu yangu binafsi, nitafika huko. Kwanza tuone ilianzaje.

Januari 1692, Salem Village, kijiji cha wakulima huko Massachusetts. Leo panaitwa Danvers. Hao watu walikuwa Wapuritani, Wakristo kutoka Uingereza waliotaka kujenga jamii inayofuata Biblia bila mchezo. Kwa nyumba ya pasta wao, Samuel Parris, watoto wawili wakaanza kushikwa na kitu. Betty, binti yake wa miaka 9, na jamaa yao Abigail Williams wa miaka 11. Walipiga nduru, walijikunja, walisema wanafinywa na kuchomwa na vitu ambavyo hakuna mwingine aliviona. Daktari akaja, akakosa ugonjwa, akasema ni uchawi.

Hapo watu wazima wakauliza swali moja ambalo nataka ulishike vizuri. Hawakuuliza watoto wanaumwa na nini. Waliuliza: nani anawatesa?

Ukiuliza nani, utapewa jina. Walipewa matatu. Tituba, mtumwa wa hapo hapo kwa pasta. Sarah Good, mama maskini aliyezunguka akiomba chakula mlango kwa mlango. Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuwa ameonekana kanisani muda mrefu, na ambaye alikuwa na ugomvi wa urithi wa shamba na watoto wake mwenyewe. Ona hiyo orodha. Hakuna mtu hapo mwenye wa kumtetea.

Tituba alikana, alafu akakiri. Mitandaoni utaambiwa ati yeye ndiye aliwafundisha hao wasichana uchawi jikoni. Rekodi za kesi hazisemi hivyo. Zinachosema ni kwamba alieleza juu ya kitabu cha shetani, na ndani yake ameona alama tisa za watu waliojiunga. Sasa piga hesabu kama mwanakijiji. Waliokamatwa ni watatu, alama ni tisa. Hao wengine ni kina nani? Labda ni huyu jirani anayekusalimia kila asubuhi. Kutoka hapo hakuna aliyelala. Kabla mwaka uishe, walioshutumiwa walikuwa zaidi ya 150. Mmoja wao ni Dorothy, mtoto wa Sarah Good, wa miaka minne au mitano hivi. Walimfunga kwa minyororo jela. Mama yake walimnyonga Julai.

Sasa, kwa nini? Kuna majibu mengi, na karibu yote yana kaukweli ndani.

Kuna vita. Kaskazini, upande wa Maine, walowezi walikuwa wanapigana na Wabanaki, wenyeji ambao ardhi yao ilikuwa inamegwa, na Wafaransa walikuwa upande wa wenyeji. Mwezi ule ule watoto wa pasta walipoanza kupiga nduru, mji wa York ulishambuliwa, watu wengi wakauawa na wengine wakabebwa mateka. Wakimbizi walikuwa wamejaa eneo la Salem. Mercy Lewis, mmoja wa wasichana walioshutumu sana, alikuwa yatima wa hiyo vita, sasa ni kijakazi kwa nyumba za watu. Kwa hivyo hofu haikutoka kwa hewa.

Kuna serikali iliyoyumba. Uingereza ilifuta hati ya koloni mwaka 1684. Gavana aliyeletwa akapinduliwa na watu wa Boston 1689. Gavana mpya, William Phips, alifika Mei 1692 akakuta jela zimejaa washukiwa na hakuna mahakama yenye nguvu ya kuwahukumu. Akaunda moja ya haraka haraka, jaji mkuu akiwa William Stoughton.

Kuna ugomvi wa majirani. Kijiji kilikuwa chini ya Salem mjini, na ukoo wa Putnam ulitaka kijitegemee. Parris alikuwa pasta wa nne, na kijiji kiligawanyika juu yake. Oktoba 1691 kamati mpya ya kijiji ilikataa kukusanya pesa za mshahara wake. Hata kuni za kuota zilikuwa kesi. Yeye naye akawa anahubiri juu ya maadui walio ndani ya kanisa. Alafu angalia nani aliandikisha mashtaka mengi: Thomas Putnam, ambaye binti yake Ann, miaka 12, alikuwa kati ya wanaopiga nduru. Mwaka 1974 Paul Boyer na Stephen Nissenbaum walichora ramani kuonyesha walioshutumu walikaa sana upande wa magharibi na walioshutumiwa mashariki. Wengine wamebishana na hiyo ramani, lakini ugomvi wenyewe uko kwa rekodi.

Kuna imani. Kwao shetani alikuwa wa kweli kama chui wa msituni. Miaka minne kabla, Boston walikuwa wamenyonga mama mmoja, Glover, baada ya watoto wa nyumba moja kushikwa hivyo hivyo, na mhubiri Cotton Mather akaandika kitabu juu yake. Kwa hivyo watu walishajua mtoto aliyerogwa anakaa aje.

Na kuna ile ya mkate, ambayo watu wanaipenda sana. Mwaka 1976 mtafiti Linnda Caporael alisema labda walikula nafaka ya rai yenye kuvu inayofanya mtu aone maruweruwe. Mwaka huo huo wenzake wakajibu kwamba dalili hazifanani na za hiyo sumu. Alafu tuseme ni mkate. Mkate hauandiki hati ya mashtaka.

Hapo ndipo mimi nasimama. Hizi sababu zote zinaeleza hofu. Hazielezi vifo.

Nitakupa mfano. Mwaka ule ule, 1692, mji wa Stamford, koloni jirani ya Connecticut, kijakazi wa miaka 17 anaitwa Katherine Branch alianza kuanguka na kupiga nduru. Akataja majina ya wanawake kadhaa. Walikuwa Wapuritani vile vile, wenye Biblia ile ile na shetani yule yule. Unajua wangapi walinyongwa? Sufuri. Elizabeth Clawson aliachiliwa. Mercy Disborough alipatikana na hatia, lakini wakubwa wakaangalia ushahidi, wakaona hautoshi, akapona. Hofu ilikuwepo, nduru zilikuwepo, majina yalitajwa. Tofauti ni watu wazima walifanya nini na hayo majina. Connecticut walienda polepole na wakadai ushahidi unaoshikika.

Salem walikubali kitu tunachoweza kuita ushahidi wa mzuka. Msichana anasema: "Naona roho ya huyu mama inaninyonga." Mama anasema: mimi nilikuwa nyumbani nimelala, mume wangu shahidi. Korti inajibu: mwili ulikuwa nyumbani, roho ndio ilitoka. Sasa wewe jitetee. Huwezi. Hakuna mahali duniani ungekuwa ambapo pangekuokoa.

Alafu wakaongeza kitu kibaya zaidi. Ukikiri, unaachwa hai kwanza ili utaje wenzako. Watu zaidi ya 50 walikiri, na hakuna aliyekiri na kushikilia maneno yake aliyenyongwa mwaka huo. Walionyongwa ni waliosema "sijafanya." Mkweli anaenda kwa kamba, mwongo anarudi jela na orodha ya majina mapya. Ndio maana hiyo kitu ilisambaa.

Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71, mama wa kanisa anayeheshimika. Majirani wengi waliweka sahihi kumtetea. Juri, wale wananchi wanaoamua kesi, wakasema hana hatia. Wasichana wakapiga nduru palepale kortini. Jaji Stoughton akawaambia juri wafikirie tena. Wakarudi na jibu lingine. Akanyongwa Julai 19.

Sasa sababu yangu.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, wiki mbili kabla ya mitihani. Usiku mmoja wasichana watatu wa bweni letu wakaanza kupiga nduru. Mmoja alisema miguu imekataa. Usiku wa pili wakawa saba. Hakuna aliyetuuliza kama tunalala, kama tunakula, kama tunaogopa mitihani. Mwalimu mmoja alitupata prepu, akagawa vikaratasi, akasema kila mtu aandike jina la anayeleta hii kitu. Kwa siri, usiandike lako.

Kulikuwa na msichana mmoja kimya, ametoka mbali, hakuwa na marafiki wengi. Stori ilikuwa imeshazunguka kwamba aligawia watu njugu. Mimi nilikuwa nimekula hizo njugu. Nilikuwa nimekaa kwa kitanda chake tukacheka. Na kile nilichofikiria nikiwa na kalamu mkononi ni hiki: nisipoandika jina lake, watauliza mbona mimi nilikula na sikuanguka.

Niliandika.

Alienda nyumbani na sanduku lake siku iliyofuata, hakurudi. Nduru ziliendelea siku nne hivi, alafu mitihani ikasogezwa mbele, zikaisha. Hakuna mtu aliongea juu yake tena.

Kwa hivyo mtu akiniambia watu wa Salem walikuwa wajinga, mimi najua si ujinga. Mimi sikuamini ati yeye ni mchawi. Niliamini kwamba bila jina lake, kikaratasi kinachofuata kingekuwa na langu.

Na usidhani hii iliishia kwa bweni letu. Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa kwa shutuma za uchawi. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi, na mara nyingi ukichimba unapata kuna shamba mtu analitaka. Hapo pia swali lilikuwa nani.

Salem iliishaje? Majina yalianza kupanda juu, hadi mke wa gavana akatajwa. Increase Mather, baba yake Cotton, akaandika kwamba ni afadhali washukiwa kumi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia auawe. Oktoba, Phips akafunga ile mahakama. Mwaka 1693 mahakama mpya ikakataa ushahidi wa mzuka, na karibu kila mtu akaachiliwa. Shetani hakuwa amehama Massachusetts. Walibadilisha tu kinachohesabika kuwa ushahidi.

Alafu kukawa na swali la pole. Mwaka 1697 jaji Samuel Sewall alisimama kanisani mbele ya watu wote huku maneno yake ya kukiri kosa yakisomwa. Stoughton hakuwahi kuomba msamaha. Mwaka 1706 Ann Putnam, yule wa miaka 12, sasa ana 26, naye alisimama kanisani, maneno yake yakasomwa, na akamtaja Rebecca Nurse kwa jina. Alisema shetani ndiye alimdanganya. Unaweza kuona kama anakwepa. Lakini kati ya wale wasichana wote, yeye ndiye anajulikana kuwa alisimama hivyo.

Wa mwisho kusafishwa jina na serikali ya Massachusetts ni Elizabeth Johnson Jr., mwaka 2022. Alikuwa amesahaulika kwa sheria zote za awali. Waliosukuma hadi jina lake likaandikwa ni wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao. Watoto wa miaka 13, 14. Mahali ambapo watoto walitumiwa kutoa majina ya kuua, watoto wengine wakarudisha jina moja.

Ann alichukua miaka 14. Mimi imefika saba. Yule msichana nilimpata mtandaoni mwaka jana, ana biashara ya kushona nguo na mtoto mdogo. Nimeandika ujumbe mara nyingi na kufuta. Sijui kama atanijibu, na hana deni la kunijibu. Lakini nimechoka kuongea juu ya pole za watu wengine hapa kwenu wakati yangu iko kwa simu. Leo natuma.