Tembo aliyeua na tembo lililochacha

Leo tuziweke programu pembeni kidogo, ndugu msomaji, tuzungumze bia. Kuna watu wanaofufua bia za enzi za ukoloni. Wanatafuta mapishi ya zamani, wananunua kimea, hopi na hamira, kisha kompyuta ndogo inasimamia jokofu. Swali langu ni moja tu: wakifika Kenya, wafufue kinywaji gani?

Wengi watasema Tusker. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Breweries jijini Nairobi mwaka 1922. Mwaka 1923 George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ya Tusker ikapata jina lake kutokana na mnyama huyo. Kichwa cha tembo kipo kwenye chupa mpaka leo.

Bia ya kiwandani inafufulika. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga hamira moja iliyo safi. Tangu hapo mpishi wa bia aliweza kurudia hamira ile ile kila mara, kama sisi tunavyonakili faili. Hamira ya lager hupenda ubaridi wa nyuzi 8 hadi 15 hivi. Kwa joto la Garsen utahitaji jokofu, kipimajoto na programu fupi: joto likipanda, washa, likishuka, zima. Basi.

Sasa njoo kwa tembo wa pili, au niseme tembo la pili. Pwani, tembo ni pia kinywaji kinachogemwa mnazini. Ngeli ndiyo inayotenganisha maana: tembo ameua, tembo limechacha. Kompyuta ingehitaji kusoma kitenzi kwanza ndipo ijue. Katika delta ya Mto Tana, kwenye eneo la vijiji kama Kilelengwani, kuna mikoma, na mkoma nao hugemwa. Si wote wanywao. Kwa Waislamu ni haramu. Lakini ufundi wenyewe ni wa kale.

Utomvu hutoka mtamu, kisha huanza kuchacha wenyewe ndani ya saa chache. Hakuna anayetia hamira. Hamira za porini na bakteria hufanya kazi pamoja, na likiachwa siku moja au mbili linaelekea kuwa siki. Ukitenga hamira moja, ukachemsha, ukatia chupani, litakaa. Ila hilo si tembo tena.

Tena kumbuka sheria. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika alikatazwa bia ya chupa. Katazo lililegezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kinywaji cha enzi hizo kwa Wakenya wengi hakikuwa Tusker. Kilikuwa tembo, busaa au muratina.

Tusker ina kiwanda na makabrasha. Tembo la mkoma lina mkono wa mgema tu. Kila ncha ya mkoma ina chipukizi moja. Kisu kikilimaliza, ncha hiyo haikui tena. Kujua ukate wapi, kiasi gani na saa ngapi, hayo ndiyo mapishi, na hayana nakala ya akiba.

Kwa hiyo mwenye kamera na daftari aanze kwa mgema. Jokofu linaweza kungoja. Mgema akizeeka bila kurithiwa, hakuna programu itakayomrudisha.