Kasese na Bwera: Bei ya Chakula Ikipanda, Familia Hununua Wapi

Bei ya vyakula inapopanda magharibi mwa Uganda, familia za Kasese na Bwera haziachi kwenda sokoni. Hubadilisha siku ya kwenda, kipimo cha kununulia na, kwa wale wanaoishi karibu na mto Lhubiriha, hata upande wa mpaka. Mfanyabiashara anayeleta mzigo bila kuyajua hayo matatu anaweza kukuta unga wake umelala ghalani ilhali jirani yake ameshamaliza gunia la tatu.

Kasese mjini na Bwera ziko katika wilaya moja, zikitenganishwa na kilomita 50 na ushee za lami zinazopita Kikorongo. Hata hivyo, kibiashara ni sehemu mbili tofauti. Kasese ni mji wa watu wa mishahara na vibarua, uliokua baada ya reli kufika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Reli hiyo haibebi tena mzigo. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na unga wa ngano huja kwa lori kutoka Kampala, takriban kilomita 370 kupitia Fort Portal. Kwa hiyo bei ya dizeli huonekana katika bei ya sabuni ya Kasese mapema kuliko mahali palipo karibu na kiwanda.

Bwera ni mji wa mpakani. Chini yake kidogo kuna Mpondwe, na ng'ambo ya daraja ni Kasindi, jimbo la Kivu Kaskazini.

Mjini Kasese familia ina milango mitatu ya kununulia. Wa kwanza ni soko kuu, lililojengwa upya katika mpango wa serikali wa masoko wa MATIP kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wa pili ni duka la mtaani. Wa tatu ni supamaketi, ambayo wengi huingia mwisho wa mwezi na kuisahau ifikapo tarehe 10.

Wengi hudhani kwamba bei ikipanda watu hukimbilia soko kuu kwa sababu ni rahisi zaidi. Ukipiga hesabu kwa kilo ni kweli. Lakini mwenye shilingi 2,000 mfukoni hapigi hesabu kwa kilo. Akilipa bodaboda kwenda na kurudi, nafuu yote ya sokoni imeishia barabarani. Hivyo hubaki na duka la mtaani, ambako sukari hupimwa kwa kikombe, mafuta ya kupikia humiminwa katika mfuko mdogo wa plastiki, na mche wa sabuni hukatwa vipande. Pia huko kuna daftari la madeni, jambo ambalo supamaketi haina. Ukijumlisha vikombe hivyo, mnunuzi huyo analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye gari anayenunua mfuko mzima. Umaskini una gharama yake, na muuza duka anaijua vizuri kuliko mchumi.

Mwaka 2022 ulilionyesha jambo hilo wazi. Januari bei ya petroli iliruka baada ya madereva wa malori kugoma Malaba na Busia wakipinga masharti ya kupimwa Korona. Februari vita vya Ukraine vilianza. Aprili Indonesia ilizuia mauzo ya nje ya mafuta ya mawese, na zuio hilo lilidumu hadi Mei. Kufikia Oktoba mfumuko wa bei wa Uganda kwa mwaka ulifika asilimia 10.7. Katika hali kama hiyo, mwenye duka aliyejaza madumu ya lita 20 peke yake hukwama, na anayemimina kidogo kidogo huendelea kuuza.

Mfumuko ulishuka baadaye, na katika miaka ya 2024 na 2025 ulikuwa chini ya asilimia 5. Ifahamike kwamba kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei. Bei ilipanda ngazi, ikasimama huko juu. Iliyopungua ni kasi ya kupanda.

Chakula chenyewe nacho hubadilika. Mchele wa Mubuku huachiwa wageni na sikukuu. Matoke hupungua mezani, na badala yake huja unga wa mahindi au obundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, unaoliwa kwa maharage au sombe. Samaki ngege wa Ziwa George na Ziwa Edward huacha nafasi kwa mukene, yaani dagaa. Msafirishaji na atambue hili: wakati wa ugumu, gunia la muhogo mkavu hutoka haraka kuliko la mchele, ingawa faida yake kwa kila kilo ni ndogo.

Huko Mpondwe mambo ni mengine. Siku za soko ni Jumanne na Ijumaa. Huteremka matoke, nyanya, vitunguu, maharage, samaki na chumvi ya Katwe; wanunuzi huvuka kutoka Kasindi, na wengine hutoka mbali, Beni na Butembo. Lugha si kikwazo kwani Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanaelewana, na panapopungua Kiswahili hujaza. Uchunguzi wa biashara isiyo rasmi unaofanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) pamoja na Benki Kuu umekuwa ukiitaja Kongo miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa bidhaa za Uganda zinazovuka bila nyaraka, na Mpondwe ni moja ya njia zake kuu.

Maana yake kwa mama wa Bwera ni kwamba anapogombea fungu la nyanya, anashindana na mtu anayenunua kwa ajili ya Butembo. Bei ya siku hiyo haipangwi na mfuko wake. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa Kongo mara nyingi huhesabu kwa dola. Shilingi ya Uganda ikidhoofika, kwake bidhaa za Mpondwe ni rahisi hata kama Bwera wanalia kwamba zimepanda. Naye huongeza magunia.

Ndiyo sababu familia zenye uzoefu haziendi sokoni saa za katikati. Kwa nyanya, mboga na matoke husubiri alasiri, malori yakishaondoka, wakati muuzaji hataki kurudi na kitu kitakachooza. Kwa maharage na unga hakuna nafuu ya alasiri, maana maharage hayaozi na mwenye nayo anaweza kuyafunga hadi Ijumaa. Hayo hununuliwa mapema, au siku ambayo si ya soko.

Wengine huvuka daraja wenyewe. Mawese mekundu, muhogo mkavu na vitenge hutoka Kongo, na dumu dogo la mawese huenda mbali jikoni pale mafuta ya kiwandani yanapopanda. Lakini anayevuka lazima ahesabu shilingi, faranga na dola, na pia kinachobaki mikononi mwa wabadilisha fedha. Kwa kikapu kimoja safari hiyo hailipi kila mara. Kwa majirani watano waliotuma mtu mmoja, hulipa.

Jaribio kubwa lilikuja Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa watu ili kuzuia Korona na kuacha malori ya mizigo yapite. Kwa mwenye lori na hati, biashara iliendelea. Kwa mzigo uliokuwa ukivuka kwa kichwa na baiskeli, njia ilikatika. Bidhaa zinazooza zilibaki bila mnunuzi wake wa kawaida, nayo mawese yakawa shida kupatikana kihalali. Mtu anaweza kufikiri kwamba familia za Bwera zilifaidika na nyanya za bei ya chini. Tatizo ni kwamba nyingi ya familia hizo ndizo zinazolima au kuchuuza nyanya hizo. Anayekula kwa bei nafuu leo, kesho hana pesa ya sabuni. Mei mwaka huo huo mito ya Rwenzori, ukiwemo Nyamwamba, ilifurika na kuongeza hasara.

Kuhusu majira, miezi ya kuangaliwa ni Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, kabla mavuno hayajaingia. Mihula ya shule inapofunguliwa, shule hununua mahindi na maharage kwa wingi, na maduka ya mitaani huhisi siku chache baadaye.

Barabara nayo itabadili hesabu. Tarehe 16 Juni 2021 Marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua hapo mpakani mpango wa kujenga kilomita 223 ndani ya Kongo, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni. Kadiri lori linavyofika Beni kwa urahisi, ndivyo bei ya Beni inavyoingia katika vikapu vya Bwera. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Hata hivyo mwenye mzigo na aulize kwanza forodha ya Kasindi anatozwa nini, asije akapanga bei kwa kutegemea uanachama peke yake.

Kwa anayepeleka bidhaa za madukani, siku nzuri ya kufika Bwera ni Jumatatu au Alhamisi, ili mzigo uwe umeshafunguliwa na kugawanywa katika vipimo vidogo kabla ya soko. Anayetaka kubeba matoke au samaki kurudi Kampala hana haja ya kuwahi siku ya soko asubuhi, kwani atanunua kwa bei ya Butembo. Na dereva anayevuka asisahau saa: Kasindi iko nyuma ya Mpondwe kwa saa moja. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Kasindi, kwa saa ya mkononi mwake ni saa tatu.