Dakika za Uwanjani Si Mizani ya Beki

Kila dirisha la usajili linapokaribia, mashabiki wa soka hugawanyika juu ya swali lilelile: beki asiyepata namba auzwe au abaki? Wanaotaka auzwe huja na hesabu ya dakika. Kwao, mchezaji aliyesugua benchi msimu mzima ameshahukumiwa. Angekuwa na uwezo, kocha angemchezesha. Makala hii inapinga hoja hiyo. Dakika alizocheza beki hueleza uamuzi wa kocha zaidi ya kiwango cha mchezaji, na klabu inayouza kwa kigezo hicho peke yake inauza kitu ambacho haijakipima. Ushahidi mkuu ni mjadala juu ya William Saliba wa Arsenal, ambao mashabiki wa London, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliuendesha kwa miaka mitatu.

Arsenal ilimsajili Saliba Julai 2019 kutoka Saint-Étienne kwa ada ya pauni milioni 27, akiwa na umri wa miaka 18. Ilimrudisha hapohapo kwa mkopo wa msimu mmoja. Aliporejea London mwaka 2020, klabu ilikuwa imebadilisha kocha. Mikel Arteta alimwacha nje ya kikosi cha Ligi ya Europa na hakumchezesha hata mechi moja ya timu ya kwanza. Januari 2021 alipelekwa Nice, kisha msimu wa 2021/22 akaenda Marseille. Wakati huo Arsenal ilikuwa imemnunua Gabriel Magalhães, na mwaka 2021 ikamwongeza Ben White kwa pauni milioni 50. Kwa mtazamaji wa kawaida, picha ilikuwa wazi: nafasi yake imezibwa, heri auzwe.

Hoja hiyo inasahau jinsi nafasi ya beki wa kati ilivyo. Mshambuliaji wa akiba huingia dakika ya 65 au 70, timu inapotafuta bao, na ndani ya robo saa anaweza kuonyesha alichonacho. Beki wa kati hana fursa hiyo. Timu ikiongoza kwa bao moja, kocha hagusi ukuta wake. Ikiwa nyuma, anamtoa beki ili aongeze mshambuliaji. Mabeki wawili wa kati huzoeana kwa muda mrefu: nani anapanda kukaba, nani anabaki kulinda nyuma, nani anaita mtego wa kuotea. Kocha huogopa kuuvunja uelewano huo hata kama aliye benchi ni bora kidogo. Kwa hiyo beki wa akiba husubiri jeraha au kadi ya mwenzake. Uchache wa dakika zake ni sehemu ya kazi yenyewe, hauthibitishi udhaifu wake.

Wanaotetea kuuza wana hoja nzito zaidi upande wa fedha, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wahasibu wa klabu huigawa ada ya usajili kwa miaka ya mkataba. Kwa mkataba wa miaka mitano, pauni milioni 27 ni milioni 5.4 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa tatu, vitabuni imebaki milioni 10.8. Klabu ikiuza kwa milioni 15 wakati huo, vitabu vinaonyesha faida. Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, mchezaji anayemaliza mkataba anaweza pia kuondoka bure, kwa hiyo kusubiri kuna hatari yake. Lakini faida hiyo ya vitabuni haihesabu bei ya mbadala. Aliyeuza beki kwa milioni 15 atarudi sokoni siku atakapohitaji mwingine, na soko lililomuuza White kwa milioni 50 halina huruma kwa mnunuzi mwenye haraka. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Arsenal yenyewe ilishaonja upande wa pili. Konstantinos Mavropanos, beki Mgiriki iliyemsajili Januari 2018, alipata mechi chache, akapelekwa Ujerumani kwa mkopo, na hatimaye akabaki Stuttgart moja kwa moja. Mwaka 2023 alirudi Ligi Kuu ya Uingereza, safari hii akiwa mchezaji wa West Ham. Klabu iliyompima ndiyo iliyovuna thamani yake.

Saliba hakuuzwa. Akiwa Marseille alichaguliwa mchezaji bora kijana wa ligi ya Ufaransa na kuitwa timu ya taifa. Agosti 2022 alianza dhidi ya Crystal Palace, Arsenal ikashinda 2-0. Wiki iliyofuata, dhidi ya Leicester, alijifunga kwa kichwa. Uwanja wa Emirates ungeweza kumzomea kijana aliyesubiriwa miaka mitatu. Badala yake mashabiki walimpigia makofi na kuliita jina lake, na dakika chache baadaye Arsenal ikafunga tena. Ule ni mfano wa shabiki anayejua kwamba kumpima beki kunahitaji mechi nyingi, na kwamba kosa moja halitoshi kumhukumu, kama benchi lisivyotosha.

Thamani yake ilionekana zaidi alipokosekana. Machi 16, 2023 aliumia dhidi ya Sporting, na Takehiro Tomiyasu akaumia katika mechi hiyohiyo. Arsenal ilikuwa ikiongoza ligi. Mwezi uliofuata ilitoka sare tatu mfululizo, ikiruhusu mabao saba, kisha ikafungwa 4-1 na Manchester City, na ubingwa ukaenda Manchester. Msimu wa 2023/24 Saliba alicheza mechi zote 38, Arsenal ikaruhusu mabao 29 tu. Funzo la misimu hii miwili linawahusu hata mabeki wasio na kipaji chake: timu inayowania ubingwa humhitaji beki wa tatu na wa nne kwa dhati, na umuhimu wao hujulikana Aprili, wakati dirisha limeshafungwa.

Sidai kwamba kila anayesugua benchi ni Saliba mwingine. Wapo mabeki ambao kuuzwa ni haki yao, maana umri wa kucheza ni mfupi na kumfungia mtu benchi ni kumdhulumu. Ninachodai ni utaratibu wa kuamua. Kwanza tuulize umri wake na muda uliobaki katika mkataba. Pili, tuulize kwa nini hachezi: je, ameshindwa alipopewa mechi mfululizo, au hajapewa kabisa? Ikiwa hajapewa, mkopo katika ligi ngumu utangulie kuuzwa. Tatu, tuulize nani ataingia siku beki tegemeo akiumia, na atagharimu kiasi gani. Mashabiki wanaobishana kwa maswali haya hawamtetei mchezaji mmoja tu. Wanaitaka klabu ieleze maamuzi yake, na hiyo ni haki ya kila mwenye kuipenda timu. Uamuzi wa kuuza uje baada ya majibu hayo, kamwe usitangulie.