Jimbo Lililozaliwa na Mageuzi: Miaka 70 ya Jimbo Katoliki la Mombasa

Jimbo Katoliki la Mombasa lilitangazwa Mei 1955. Lilimegwa kutoka Nairobi, na katika miaka yake ya mwanzo liliitwa Jimbo la Mombasa na Zanzibar. Novemba ya mwaka huohuo, Papa Pius wa 12 alitoa amri ya kupanga upya ibada za Juma Kuu. Basi Pasaka ya kwanza ambayo Wakatoliki wa Likoni, Changamwe, Kisauni na Unguja waliisali wakiwa jimbo, ile ya tarehe 1 Aprili 1956, ilikuwa tayari Pasaka ya utaratibu mpya. Mkesha uliokuwa ukifanywa Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka, ulirudishwa usiku. Misa ya Alhamisi Kuu ikahamia jioni. Wakatoliki wanaoshikilia mapokeo ya kale hawakubaliani juu ya siku hasa mambo yalipoanza kubadilika, lakini wapo wanaoitaja amri hiyo ya 1955 kabla ya kuutaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tukifuata hesabu yao, jimbo letu na mageuzi ya liturujia ni marika moja. Hakuna hata Juma Kuu moja la zamani lililoadhimishwa na Jimbo la Mombasa.

Nalitanguliza hili kwa sababu maadhimisho ya jimbo yanapokaribia, huku kwetu Timbwani, Likoni, kama kwingineko, watu huhesabu parokia, shule na mapadre waliopewa daraja. Namna waumini walivyosali haiandikwi. Nayo ndiyo iliyomgusa kila mtu, aliyesoma na asiyesoma, mwenye gari na mwenye kuvuka feri kwa miguu.

Misa ya Kilatini ilikuwa ya kale Pwani muda mrefu kabla ya jimbo. Mtakatifu Fransisko Xaveri alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India, miaka 28 kabla Papa Pius wa 5 hajatoa Misale ya 1570 ambayo wanamapokeo wa leo huitetea. Watawa Waagostino wa Kireno walifungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597. Kazi yao ilikatizwa Agosti 1631, pale Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jeronimo, alipoitwaa Fort Jesus na kurudi katika Uislamu. Wareno wakauawa, na pamoja nao Waafrika waliokataa kuuacha Ukristo. Wale mashahidi walisali kwa Kilatini, ingawa hakuna anayewataja katika mabishano ya siku hizi.

Mwanzo wa pili ulikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadre wake waliingia Unguja mwaka 1863, wakaanzisha Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1890 wakajikita Mombasa na kupanda hadi Bura, Taita. Wakati huo Waanglikana wa Frere Town, kule Kisauni, walikuwa wakiendesha ibada zao kwa Kiswahili. Wakatoliki hawakuwa viziwi kwa lugha ya watu. Padre Charles Sacleux aliishi miaka mingi Unguja na Bagamoyo akichunguza Kiswahili na lahaja zake, na kamusi yake kubwa ilianza kuchapishwa mwaka 1939. Katekisimu, mahubiri, rozari, Njia ya Msalaba na nyimbo nyingi zilikuwa kwa Kiswahili. Misa yenyewe ndiyo iliyobaki kwa Kilatini.

Yafaa aliyezaliwa baadaye aambiwe Misa hiyo ilivyokuwa. Padre alielekea altare, na watu waliokuwa nyuma yake walielekea hukohuko. Maneno ya mageuzo aliyasema kwa sauti ya chini kabisa, na kanisa zima likanyamaza. Kengele ya mtumishi ndiyo iliyowajulisha walio nyuma kwamba Hostia imeinuliwa. Komunyo ilipokewa kwa ulimi, magotini, na anayeipokea hakuwa ameonja chakula tangu usiku wa manane, mpaka Pius wa 12 alipolegeza sheria hiyo katika miaka ya 1950. Wanawake walijifunika kichwa, na kwa mwanamke wa Pwani hilo halikuwa geni. Watoto wa altare walikariri majibu ya Kilatini kutoka kinywani mwa katekista, ambaye naye aliyakariri kutoka kwa padre. Wengi hawakujua maana ya neno kwa neno. Walijua wakati wa kupiga magoti, na walijua kwa nini wanapiga magoti.

Katika Misa hiyo ndipo historia ya jimbo letu inapokutana na ya dunia. Julai 1962 Shirika la Roho Mtakatifu lilimchagua mkuu mpya: Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyefika Gabon kama mmisionari mwaka 1932, akawa askofu Dakar, na tangu 1948 akawa pia mjumbe wa Papa katika nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa. Askofu wa Mombasa wakati huo alikuwa Eugene Butler, Mwairishi aliyeteuliwa mwaka 1957, naye ni wa shirika hilohilo. Kwa hiyo Mtaguso ulipofunguliwa Oktoba 1962, mkuu wa shirika lililoirudisha imani ya Kikatoliki Pwani ndiye mtu ambaye baadaye jina lake litakuwa alama ya kuyapinga mageuzi. Alijiuzulu ukuu mwaka 1968, shirika lilipokutana kujipanga upya kwa kufuata Mtaguso, na mwaka 1970 akaanzisha Shirika la Kipadre la Mtakatifu Pius wa 10 huko Uswisi. Anayedhani kwamba wanamapokeo ni watu wa Ulaya wasioijua Afrika hajasoma maisha ya mtu huyu.

Lakini Afrika haikusema kwa sauti ya Lefebvre. Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza na wenzao wengi walitaka lugha na desturi za watu zipate nafasi katika ibada. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulipitisha hati juu ya liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Kiswahili kikaingia kipande baada ya kipande: masomo kwanza, kisha majibu, mwishoni sala zote. Padre akageuka kuwatazama watu. Misale mpya ya Papa Paulo wa 6 ilipotangazwa mwaka 1969, sehemu kubwa ya mabadiliko ilikuwa imeshaonekana kwa macho. Zanzibar ilikuwa imeshatengwa na Mombasa mwishoni mwa 1964, na Askofu Butler aliendelea kuliongoza jimbo katika utaratibu mpya hadi 1978.

Nasema bila kusita: Kiswahili ndani ya Misa kilikuwa haki ya Pwani. Hapa ndipo lugha hii ilipozaliwa na kukomaa, na mtu wa Likoni kumwita Mungu kwa lugha anayomwitia mama yake si upungufu wa heshima. Kayamba, ngoma na vigelegele havikuingia kanisani kwa uasi. Hata kabla Mtaguso haujafunguliwa, Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alikuwa akitunga muziki wa Misa kwa Kiswahili.

Hata hivyo malalamiko ya wanamapokeo yanastahili kusikilizwa kwa uzito kuliko yalivyosikilizwa. Wanasema Misa ni sadaka kwanza, na karamu baadaye. Kwamba padre anapowatazama watu muda wote, watu nao humtazama yeye wakamsahau Aliye juu ya altare. Kwamba ukimya uliondolewa na mahali pake pakajazwa matangazo na vipaza sauti. Kwamba kizazi kizima kimekua bila kujua wimbo hata mmoja ambao babu zao waliimba pamoja na Wakatoliki wa dunia nzima. Hoja yao kwamba lugha takatifu haiwafukuzi watu ina nguvu ya pekee huku kwetu. Jirani yangu Mwislamu wa Timbwani husali kwa Kiarabu mara 5 kwa siku, aliyesoma na asiyesoma, na sijamsikia akidai kwamba lugha hiyo inamzuia kusali. Mwenye kutetea mageuzi hana budi kuijibu hoja hiyo, na jibu la kwamba watu hawakuelewa halitoshi.

Tena kuna ushahidi wa Kiafrika ambao pande zote mbili huuruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati maaskofu wakijiandaa kukiacha Kilatini, maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza walitoka na kuunda Legio Maria chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Walikwenda mbali na mafundisho ya Kanisa, na siwatetei katika hayo. Lakini walipoondoka walibeba Kilatini, kanzu, ubani, rozari na sehemu kubwa ya Misa ya zamani, na hadi leo wanavitumia pamoja na kuombea wagonjwa na kufukuza pepo. Kundi kubwa zaidi lililowahi kujitenga na Kanisa Katoliki katika Afrika halikukimbia Kilatini, lilikishika. Na kule Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba mwaka 1958: sauti za Kikongo, ngoma za Kikongo, maneno yote ya Kilatini. Waliotufundisha kwamba ni lazima kuchagua kati ya Afrika na Kilatini walikosea.

Mwaka 1988 dunia iliona njia zote mbili ndani ya miezi miwili. Tarehe 30 Aprili Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya Kongo, iliyokuwa Zaire, yenye kuwaita watakatifu na mababu wema mwanzoni mwa Misa. Tarehe 30 Juni Lefebvre aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa Yohane Paulo wa 2, na Roma ikatangaza kwamba yeye na hao wanne wametengwa na Kanisa. Alifariki mwaka 1991 bila kupatanishwa. Mombasa nayo mwaka huohuo wa 1988 ilibadilisha askofu: Nicodemus Kirima alihamishiwa Nyeri, John Njenga akaja kutoka Eldoret. Mwaka 1990 Mombasa ikawa jimbo kuu, na mwaka 2000 Malindi ikapata jimbo lake.

Kati ya miaka hiyo kuna Agosti 1997, ambayo Likoni haiwezi kuisahau. Baada ya kuvamiwa kwa kituo cha polisi cha Likoni, watu wa bara walifukuzwa majumbani, wengine wakauawa, na waliokimbia wakajaa katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Walilala hapo na kupika hapo. Baadhi ya wanamapokeo hulilaumu Kanisa la baada ya Mtaguso kwamba limegeuka shirika la misaada. Mimi nadhani lawama hiyo inaanguka mbele ya uwanja ule. Bagamoyo ya 1868, ya Misa ya Kilatini, ilipokea waliokombolewa utumwani. Likoni ya 1997, ya Misa ya Kiswahili, ilipokea waliofukuzwa. Katika jambo hilo Kanisa halikubadilika.

Baada ya hapo mlango wa Misa ya zamani ulifunguliwa na kufungwa tena. Papa Benedikto wa 16 aliiruhusu kwa upana mwaka 2007, na mwaka 2009 akawaondolea adhabu wale maaskofu wanne. Papa Fransisko aliibana Julai 2021. Nchini Kenya, Shirika la Mtakatifu Pius wa 10 lina nyumba yake Nairobi. Pwani Misa hiyo si sehemu ya maisha ya kawaida ya parokia. Sauti iliyosikika zaidi kutoka bara letu ni ya Kardinali Robert Sarah wa Guinea, aliyelelewa kiimani na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kijijini Ourous, na aliyekuwa mkuu wa idara ya liturujia huko Vatikano tangu 2014 hadi 2021. Hakujitenga na Papa yeyote. Aliwaomba mapadre waelekee mashariki pamoja na watu wao, na akaandika mengi juu ya ukimya. Kwangu mimi huyo ndiye mwanamapokeo ambaye Mombasa ingemwelewa.

Hatuna haja ya kurudi kwenye jimbo la zamani, maana la zamani hatukuwahi kuwa nalo. Tuna haja ya kutimiza kile ambacho mageuzi yenyewe yaliagiza na sisi tukakiacha. Hati ile ya 1963 ilitaka waumini waweze kuimba pamoja kwa Kilatini sehemu zao za Misa, na uimbaji wa Kigregori uwe na nafasi ya kwanza. Mwaka 1974 Papa Paulo wa 6, huyohuyo aliyeleta Misale mpya, aliwatumia maaskofu wote duniani kijitabu kiitwacho Jubilate Deo, chenye nyimbo rahisi za Kilatini ambazo kila Mkatoliki angepaswa kuzijua. Ni kijitabu chembamba. Kwaya inayoweza kujifunza wimbo mpya wa sauti nne kila mwezi inaweza kukimaliza kabla ya Kwaresima.

Basi walimu wa kwaya wa Likoni, Changamwe na Kisauni, kitafuteni. Fundisheni Salve Regina na Kyrie moja, kisha endeleeni na ngoma zenu. Maparoko, tupeni ukimya baada ya komunyo kabla ya matangazo. Na wazee waliotumikia altare kabla ya 1965 bado wapo miongoni mwetu, ingawa si wengi: wakalisheni chini, warekodini wakiyasema majibu yale kwa lafudhi yao ya Pwani, na rekodi hizo ziwekwe katika hifadhi ya jimbo pamoja na picha za majengo.