Mwalimu Bakari Shime na Kandanda ya Wanawake Tanzania, 2017–2025

Katika Kiswahili cha Tanzania mchezaji wa kandanda aghalabu humwita anayemfundisha "mwalimu", ijapokuwa magazeti hupendelea "kocha". Neno hili lina uzito wake. Huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ambako Kiswahili na Uislamu viliingia pamoja na misafara ya karne ya 19, mwalimu ni kwanza yule wa chuoni, ampokeaye mtoto asiyejua alifu na kumtoa akiwa amehitimu. Kocha wa timu ya taifa hapati fursa hiyo kwa kawaida. Huwakuta wachezaji wamekwisha fundishwa na wengine, hukaa nao siku chache kabla ya mechi, na wakishindwa hufukuzwa yeye. Bakari Shime ni mmoja wa wachache katika Afrika ya Mashariki walioipata fursa hiyo, na ndiyo sababu habari zake zastahili kuandikwa, zaidi hata ya makombe aliyoyatwaa.

Hali aliyoikuta haieleweki bila kurejea mwaka 2010. Mwaka huo timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Afrika Kusini, chini ya Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga na Taifa Stars. Ilifungwa mechi zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Hayakuwa matokeo ya aibu, kwani mbili kati ya hizo ziliamuliwa kwa bao moja tu. Lakini nyuma ya kikosi kile hapakuwa na ngazi ya kuwapandisha wengine. Ligi kuu ya wanawake haikuanza hadi msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens walipokuwa mabingwa wa kwanza. Mkwasa akaenda zake, baadaye akaifundisha Taifa Stars ya wanaume, nayo Twiga Stars ikakaa miaka 15 bila kuzicheza tena fainali hizo.

Shime hakuanza na wanawake. Alikwisha kufundisha Mgambo JKT ya Tanga katika Ligi Kuu, kisha akapewa Serengeti Boys, vijana wa chini ya miaka 17. Mei 2017 aliwapeleka Gabon katika fainali za Afrika, nafasi waliyoipata baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji. Walitoka suluhu na Mali, wakaifunga Angola 2-1. Dhidi ya Niger sare ingetosha kuwavusha hadi nusu fainali, na walioingia nusu fainali walikuwa wakienda Kombe la Dunia la vijana nchini India. Wakafungwa 1-0. Timu hizo mbili zikalingana kwa pointi, na kwa kuwa Niger ilishinda zilipokutana, ikaenda India yenyewe.

Yamkini mwalimu mwingine angebaki katika kandanda ya wanaume akingojea bahati ya pili. Yeye alihamia kwa wasichana. Mwaka 2018 Twiga Stars ikachukua ubingwa wa CECAFA mjini Kigali. Mwaka 2021, ikiwa mgeni mwalikwa, ikatwaa Kombe la COSAFA huko Afrika Kusini kwa kuifunga Malawi 1-0. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa kwamba mtu yule yule alishika pia vikosi vya wasichana wadogo, na baadhi ya aliowafundisha wakiwa chini ya miaka 17 na 20 wakaja kuwa wachezaji wake wa Twiga Stars. Ndiyo kazi ya mwalimu wa chuo hasa.

Mwaka 2022 Serengeti Girls waliishinda Kamerun 4-1 huko huko Yaoundé, wakaifunga tena 1-0 Zanzibar mwezi Juni, na Tanzania ikapata tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia la FIFA katika umri wowote. Fainali zilikuwa India! Nchi ambayo wavulana waliikosa kwa bao moja, wasichana walimfikisha mwalimu wao. Oktoba huko Goa walianza vibaya, wakafungwa na Japani 4-0. Timu changa ikianza hivyo mara nyingi husambaratika. Hawa waliifunga Ufaransa 2-1 siku tatu baadaye, wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa 3-0.

Twiga Stars nayo ikafuata. Mwaka 2023 ilifungwa 2-0 ugenini na Côte d'Ivoire, ikarudisha mabao hayo nyumbani na kushinda kwa penalti. Desemba ikaitoa Togo kwa jumla ya mabao 3-2. Fainali hizo za 2024 zilichezwa Julai 2025 nchini Morocco, na kura ikawakutanisha tena na Mali na Afrika Kusini, wale wale wa 2010. Mali ilishinda 1-0. Na Afrika Kusini ilikuwa 1-1, pointi ya kwanza ya Tanzania katika fainali hizo. Kisha Ghana ikawafunga 4-1 na safari ikaishia hapo.

Kongo nayo ilikuwepo Morocco, ikafungwa mechi zote tatu. Msomaji wa Maniema ana haki ya kushangaa: wanawake wa Kongo walikuwa wa tatu Afrika tangu 1998, na Novemba 2024 TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake chini ya Lamia Boumehdi, mwanamke kutoka Morocco. Vipaji vipo, ila vililelewa na klabu.

Hata hivyo mfumo wa Tanzania ulimtegemea mno mtu mmoja, na mtu huyo ni mwanamume. Katika miaka hiyo wanawake waliocheza kandanda walikwisha kuanza kufundisha. Esther Chabruma, mchezaji wa zamani wa Twiga Stars, ndiye aliyekuwa mwalimu wa JKT Queens iliposhiriki Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2023 nchini Côte d'Ivoire. Miaka miwili baadaye, Twiga Stars ilipoingia uwanjani Morocco, mwalimu mkuu alikuwa bado Shime.