Arumeru: Jina Lililounganisha Makabila Mawili

Wilaya nyingi za Tanzania zimepata majina yao kwa mito, milima, miji au makabila. Arumeru si mto, si mlima, wala si kabila. Ni neno lililoundwa kwa kulikata jina la Arusha na kuliunga na la Meru, kama vile Tanganyika na Zanzibar zilivyoungwa mwaka 1964 katika jina la Tanzania. Wako Waarusha na wako Wameru. Mwarumeru hajapata kuzaliwa.

Wameru, ambao hujiita Varwa, husema lugha ya Kibantu iliyo jirani ya Kichaga, nao ndio waliotangulia kulima migomba katika mitelemko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru. Waarusha walifika upande wa kusini-magharibi mnamo miaka ya 1830. Ni wakulima pia, lakini lugha yao ni ya Kimaasai. Makabila haya yalipigana na kuoana, na Wameru wakachukua kwa jirani zao desturi ya marika. Mpaka wa lugha, basi, haukuwa ukuta.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Wameru, na kisasi cha Wajerumani kikawaangukia Wameru na Waarusha pamoja. Baada ya boma kujengwa Arusha, mashamba ya walowezi yalitandazwa chini ya mlima mfano wa mshipi, yakawazuia wenyeji wasiteremke uwandani. Katika jambo hili la ardhi makabila yote mawili yalikuwa na msiba mmoja, ijapokuwa kila moja lilikuwa na wakubwa wake.

Msiba huo ulizidi Novemba 1951, Waingereza walipowafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili nchi ile wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alipeleka malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Yafaa kuangaliwa hapa kwamba nchi hiyo iliyodaiwa na Wameru hata ng'ambo ina jina la Kimaasai, maana yake maji mekundu.

Wilaya ya Arumeru iliundwa baada ya uhuru, ikauzunguka mji wa Arusha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilikuwa na watu 516,814, wengi mno kwa halmashauri moja. Mwaka 2007 ikagawanywa kuwa halmashauri mbili, ya Meru yenye makao Usa River, na ya Arusha. Hii ya pili ilirudishiwa jina la wenyeji wake, lakini jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na mji ulio katikati. Ndiyo sababu watu huieleza kwa kusema Arusha Vijijini.

Neno la kuunga halikufutika pamoja na halmashauri yake. Wakuu wa wilaya waliendelea kuteuliwa kwa jina la Arumeru, na uchaguzi mdogo wa Aprili 2012, uliofanyika katika nchi ya Wameru, ulikuwa wa jimbo la Arumeru Mashariki.