Kurusha ndege-mfano ya redio kwa mara ya kwanza (Kisangani)

Ndege-mfano ya redio ni ndege ndogo isiyobeba mtu, inayoongozwa na mrushaji aliyesimama chini na rimoti mkononi. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha yao, Guff, mwaka 1937. Tangu hapo vyombo vya redio vimepungua hadi gramu chache, lakini wanaoanza bado huvunja ndege zao safari ya kwanza, na mara nyingi kosa huwa limeshatendeka kabla ndege haijaachana na ardhi: mahali pabaya, saa mbaya, ukaguzi wa harakaharaka.

Kuhusu mahali, Kisangani ina mambo yake. Bangoka, uwanja wa ndege za abiria, uko kilomita 17 hivi mashariki. Simi-Simi, wa jeshi, uko magharibi. Karibu na viwanja hivyo ndege-mfano hairushwi kabisa. Usafiri wa anga nchini husimamiwa na Autorité de l'Aviation Civile, na viwanja huendeshwa na Régie des Voies Aériennes. Huko ndiko pa kuuliza kwanza. Chef wa quartier na polisi nao waarifiwe mapema. Katika mji ulioonja vita, kitu kinachovuma angani bila mwenyewe kujulikana hakichukuliwi kama mchezo wa watoto.

Viwanja vya mpira vya Mangobo na Kabondo vinavutia kwa upana wake, ila havifai: umati hukusanyika kabla hata betri haijaunganishwa. Ukingo wa mto ni mbaya zaidi, hasa kwenye maporomoko ya Wagenia, ambako kilichoangukia majini hakifuatwi. Kinachofaa ni shamba lililofyekwa nje ya mji, mbali na nyaya za umeme na njia ya matoleka, yaani baiskeli za kubeba abiria. Miti mirefu nayo iepukwe, kwa kuwa mawimbi ya rimoti ya gigahezi 2.4 hunyonywa na majani mabichi, na ndege ikipita nyuma ya msitu inaweza kuacha kusikia rimoti.

Saa nzuri ni asubuhi, ukungu wa mto ukishatoweka na upepo ukiwa bado umelala. Mchana joto hupandisha hewa, na jioni mara nyingi huja na radi. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka Bangoka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Wingu jeusi likionekana, ndege ya kilo moja ifungwe sandukuni bila mjadala.

Ndege ya kuanzia iwe ya povu gumu, mabawa yakiwa juu ya kiwiliwili na ncha zake zimeinuka kidogo, ili ijisawazishe yenyewe. Ile yenye sura ya ndege ya kivita ni mtego wa dukani. Kwa ndege ya namna hii kitovu cha uzito huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Ibebwe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa: ikiinamisha pua kidogo, sawa, ikiangusha mkia, betri isogezwe mbele.

Rimoti huwashwa kwanza, ndipo betri ya ndege iunganishwe, na kuanzia hapo rafadha ihesabiwe kuwa inazunguka, kwani hukata vidole. Ukisukuma kijiti kulia, kibapa cha bawa la kulia lazima kiinuke na cha kushoto kishuke. Kikifanya kinyume, hakuna kuruka. Jaribio la umbali hufuata, rimoti ikipunguzwa nguvu.

Ndege hurushwa ikielekea upepo, jua likiwa mgongoni mwa mrushaji na watazamaji wote nyuma yake. Ipande polepole hadi mita 50 hivi, kwani urefu huo ndio unaotoa nafasi ya kusahihisha kosa. Ikirudi kumwelekea mrushaji, kulia na kushoto hubadilishana machoni. Dawa yake ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka. Mwalimu mwenye rimoti ya pili iliyounganishwa na ya mwanafunzi huokoa ndege nyingi kuliko kitabu chochote.

Ikielekea watu na haigeuki, mota izimwe, iangushwe. Oktoba 2006 ndege isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji ilianguka Kinshasa na kumuua mwanamke mmoja. Ilikuwa kubwa mno kuliko hizi, lakini rafadha ya ndege ndogo nayo haichagui uso.

Baada ya kutua, betri huchomolewa kwanza, rimoti huzimwa mwisho. Betri za lithiamu-polima hazishushwi chini ya volti 3.3 kwa seli wala kupitishwa volti 4.2. Umeme wa jiji ukikatika, chaja nyingi hukubali betri ya gari ya volti 12, mradi mtu akae karibu hadi mwisho. Betri iliyovimba haichajiwi tena.